Bei ya Saudia

Kaeni vizuri niwape habari ya Nekesa. Mkiona nimezidisha chumvi, kuleni tu, mboga ziko chini yake.

Nekesa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Al-Hamra, Jeddah. Nyumba ya bosi wake ilikuwa na vyoo vingi kuliko watu. Kila asubuhi alivisugua vyote, kisha akapiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba. Alizinyoosha zikakakamaa hivi kwamba ungeweza kuzisimamisha mlangoni zikapokea wageni.

Mumewe, Elkanah, alikuwa dereva Riyadh. Kati ya miji hiyo miwili kuna jangwa la kutwa nzima kwa gari, kwa hiyo ndoa yao iliishi kwenye simu. Watoto wao walikuwa Bungoma kwa Mama Selipher, mamake Elkanah. Wawili hao walikuwa wamepatana. Mshahara wa Nekesa ujenge nyumba. Wa Elkanah ulipe karo na kununua chakula.

Ikaja miaka ya mabadiliko. Wanawake wa Saudia wakaruhusiwa kuendesha gari. Madam wa Elkanah alipata leseni akashika usukani, hata kwenda kununua mkate mtaa wa pili. Elkanah akabaki kuosha gari na kungoja. Mtu mwenye nafasi huwaza. Elkanah aliwaza juu ya wito wake, maana tangu ujana alitamani kuwa mchungaji. Hapo ndipo alipokutana na Askofu Hillary.

Askofu huyo alikuwa Nairobi, na chuo chake kilikuwa ndani ya simu. Kilikuwa na ada ya masomo, ada ya joho, na sadaka ya mbegu kila mwezi. Mwanafunzi wa Bungoma alikuwa na bei yake. Wa Nairobi alikuwa na yake. Wa Saudia alikuwa na bei ya kumfanya mtu ashike ukuta. Ukiuliza sababu, unaambiwa huko waliko mafuta yanatoka kwenye bomba la jikoni.

Elkanah alilipa. Nekesa hakuambiwa.

Siku moja Mama Selipher alimpigia Nekesa. Serah, kifunguamimba wao, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Unga waliokula jana ulikuwa wa kuazima kwa jirani. Elkanah alikuwa amemwambia mamake kwamba bosi amechelewesha mshahara.

Nekesa aliishika pasi mkononi. Hasira ilimpanda hadi pasi yenyewe ikaona haya kwa ubaridi wake.

Bahati nzuri, Idd ilipofika, madam wake alikwenda Riyadh kuwaona wazazi wake, akamchukua Nekesa kuwaangalia watoto. Ijumaa, baada ya alasiri, alimruhusu akamwone mumewe. "Yalla, haya nenda, urudi kabla ya isha," alisema.

Chumba cha dereva hakikupokea wageni. Wakakutana kwa rafiki wa Elkanah, Gaudensi, Mtanzania wa Bukoba, muuguzi wa hospitali. Gaudensi alikuwa amesomea uchungaji polepole akiwa kazini, kwa masomo ya masafa. Aliwakaribisha chai. Nekesa hakuketi.

"Baba Serah, mtoto yuko nyumbani," alisema. "Bosi amechelewesha mshahara, ama ni wewe umechelewesha ukweli?"

Elkanah alitazama zulia. Akaeleza yote, chuo, joho na mbegu. "Niliweka nadhiri, Mama Serah. Askofu alisema nikikatiza njiani, nimemwibia Mungu."

"Na ukiwalia watoto unga wao, umemwibia nani?"

Chai ilipoa. Gaudensi akamgeukia Nekesa. "Shemeji, hebu nikuulize. Walikuita kwenye usaili?"

"Usaili gani? Mimi sijaulizwa kitu na mtu."

"Hapo ndipo palipooza," Gaudensi alisema. "Vyuo ninavyovijua mimi, kwetu na kwenu, havimchukui mwanamume mwenye familia bila kuzungumza na mkewe. Wazee wanataka kujua, huyu akiwa anasoma, nyumbani kutaliwa nini? Kama hakuna jibu, wanamwambia asubiri."

Kisha akaeleza mengine, bila haraka. Chuo halali kimesajiliwa, na mtu anaweza kuthibitisha usajili huo serikalini na katika makao makuu ya kanisa lake. Ada yake imeandikwa wazi, nayo haimuulizi mwanafunzi analala nchi gani. Inalipwa kwenye akaunti ya chuo, si kwenye simu ya mtu, na risiti inatolewa. Mwanafunzi mwenye kazi anaweza kusoma somo moja moja na kulipia somo moja moja. Kanisa linalomtuma linapaswa kubeba sehemu ya mzigo. Lakini kabla ya yote hayo, karo ya watoto na chakula vitengwe kwanza. Kinachobaki ndicho cha masomo.

Elkanah alijitetea. Labda Askofu hakujua kwamba mke anatakiwa kuulizwa.

"Basi tumjulishe," Nekesa alisema. Akachukua simu ya mumewe, akapiga, akafungulia sauti wote wasikie.

"Haleluya, mchungaji wangu wa Saudia," Askofu aliitikia.

"Mimi ni mkewe. Nimepiga nifanyiwe usaili wa mke."

Askofu akakohoa. "Mama, uko wapi?"

"Jeddah."

"Jeddah." Alilitamka jina hilo kama mtu anayeonja mchuzi. "Na unafanya kazi huko?"

"Nafanya."

"Bwana asifiwe. Tuna kozi ya Mama Mchungaji. Jeddah nayo ina bei yake."

"Nina watoto, Askofu. Mbona hujauliza wanakula nini?"

"Watoto Bwana atawapa."

"Bwana alishawapa," Nekesa alisema. "Aliwapa baba anayefanya kazi. Wewe ndiye umekaa njiani unakula kinachowaendea."

Akakata simu.

Bei yake mwenyewe Elkanah alikuwa ameivumilia miezi yote. Lakini kusikia mkewe akikadiriwa papo hapo, kama mbuzi wa mnada, kulimwamsha. Alimwomba msamaha mbele ya Gaudensi. Jioni ile ile akampigia mamake akamwambia ukweli. Kwa Askofu hakurudishiwa hata senti. Ndugu yake Elkanah aliripoti polisi huko nyumbani, ili wengine wasinaswe.

Mshahara uliofuata ulikwenda shuleni kwanza, kisha dukani. Serah akarudi darasani. Elkanah akaliandikia kanisa lake la Bungoma, akiomba litambulishe jina lake kwenye chuo kilichosajiliwa.

Hapo napo palikuwa na kivumbi. Mzee mmoja wa kanisa alisema mtu wa Saudia hana haja ya msaada. Mama Selipher akasimama, akawaalika wazee wote waje wachungulie debe lake la unga. Hakuna aliyekubali mwaliko. Kanisa likakubali kulipia sehemu ya kila somo.

Siku ya usaili ilipofika, kila mmoja alikuwa mahali pake. Wazee walikuwa Kenya, Elkanah alikuwa Riyadh, na Nekesa alikuwa Al-Hamra, simu ameiegemeza kwenye kanzu zilizonyooshwa. Mkuu wa chuo alimwuliza watoto wanakula nini. Nekesa akamweleza, na karo yao pia imetoka wapi.

"Basi, mama," mkuu wa chuo alisema, "unakubali mumeo asomee uchungaji?"

Nekesa alijua jibu lake tangu asubuhi. Hata hivyo alichukua kanzu moja, akaipiga pasi ukosi, akaigeuza, akaipiga upande wa pili. Wazee wakangoja. Huko Riyadh, Elkanah naye akangoja.

"Sasa nimeulizwa," Nekesa alisema. "Nakubali."