Sikio la Kushoto la Zahid

Kitu cha kwanza Hasina alichoona ni vidole. Kaka yake Zahid alikuwa amelala kifudifudi katika banda la kukaushia tumbaku, Malakisi, amezimia kwa moshi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Vidole vyake vilinata utomvu mbichi wa majani.

Lakini hiyo ilikuwa siku yake ya kliniki. Baba mdogo Shafi alikuwa ameaga kwamba anampeleka Kitale.

Asubuhi iliyofuata Hasina alikuwa Kitale mbele ya Wangechi, mkaguzi wa utafiti wa dawa mpya ya wagonjwa wanaosikia sauti za watu wasiokuwepo, Zahid akiwa mmoja wao.

"Jana alihojiwa hapa," Wangechi alisema. "Alama zake zinaonyesha amepona."

"Jana nusura afe, madam. Na bado sauti zinamtukana."

Wangechi akamgeukia nesi. "Kiplimo, uliweka alama bila kumwona mgonjwa?"

"Madam, mimi ni mgeni hapa, nilimhoji niliyeletewa. Na si kanda ya mahojiano iko? Nesi wa Bungoma ameisikiliza peke yake, alama zake ni kama zangu."

Kanda ikawekwa kwenye redio. Kiplimo alisikika akiuliza kwa sauti ya chini, "Unasikia watu usiowaona?"

"Hapana, bana," mtu akajibu papo hapo, kwa sauti inayofanana na ya Zahid.

Hasina akamgeukia Kiplimo. "Nesi, ulikaa upande gani?"

"Kushoto kwake."

"Sikio la kushoto la Zahid limekufa tangu utotoni. Lazima ageuke aulize, 'Ati?' Huyu hajauliza hata mara moja."

Wangechi akazima redio. "Kumbe wewe na nesi wa Bungoma mmepatana vizuri kabisa, juu ya mtu mwingine."

Jioni, hospitalini Bungoma, Hasina na Wangechi walimkuta Shafi kando ya kitanda cha Zahid pamoja na mwanawe, Muhdhar.

"Kijana," Wangechi alimwambia Muhdhar, "unasikia watu usiowaona?"

"Hapana, ba—" Muhdhar akajikatiza, akamtazama baba yake.

Shafi akainama. "Nilimfungia Zahid bandani na majani ayatunge kambani, asionekane. Sikujua vibarua wangewasha tanuri. Bi Mulki, aliyekuja kukuposea mwanawe, alisema kijana haoi nyumba yenye mwehu, mpaka hospitali iseme amepona. Ni kwa ajili yako, Hasina."

"Na wagonjwa wengine wangemezeshwa dawa kwa uongo wako," Wangechi akasema.

Hasina, ambaye mbele ya baba mdogo hakuwahi kuinua macho, aliyainua.

"Zahid ulimjibia, baba. Na mimi pia ulinijibia. Hakuna aliyeniuliza."

Akaliinamia sikio la kulia la kaka yake, lakini wodi nzima ilimsikia.

"Simtaki yule mwanamume. Sikumtaka tangu mwanzo."