Mashine ya Mama Mwendwa

Kila asubuhi Makandi aliwasha jiko, akachemsha chai, kisha akamsubiri baba yake aje kumweleza alichokosea.

"Umetia majani kabla maji hayajachemka," Mutugi alisema Jumamosi hiyo, akichungulia ndani ya sufuria. "Kiwandani kila kitu kilikuwa na utaratibu."

"Baba, hii ni chai tu."

"Hata chai ina utaratibu."

Makandi alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alihisi kwamba subira yake yote ilikuwa imekwisha. Kwa miaka kumi na miwili baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kubangua njugu za makadamia karibu na mji wa Meru. Halafu wanunuzi wa ng'ambo wakaacha kununua. Siku moja wafanyakazi waliitwa uwanjani, wakaambiwa waende nyumbani na kwamba mambo yakitengemaa wangepigiwa simu.

Miezi mitatu ilipita bila simu. Hata hivyo, kila siku Mutugi alivaa ovaroli yake ya buluu, akaiweka simu kwenye meza karibu na dirisha, akakaa kuilinda. Alipochoka kuilinda, aliwasimamia watu wa nyumbani. Alipanga sufuria kwa ukubwa. Alibandika ratiba ya kufagia ukutani. Mama, Karwirwa, hakuwa na nafasi ya kuisoma hiyo ratiba. Siku hizi alitoka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni Gakoromone, na alirudi jioni miguu imemvimba.

Kabla chai haijamalizika, jirani yao Nelius, ambaye wote walimwita Mama Mwendwa, alibisha hodi.

"Baba Makandi, mashine yangu ya kukata majani ya ng'ombe imekwama tangu jana. Nina ng'ombe wanne, na panga limenimaliza mikono. Hebu njoo uitazame."

"Mama Mwendwa, mimi ni fundi wa kiwanda," Mutugi alijibu. "Nikianza kuzunguka mitaani na spana, wakubwa wangu wakipiga simu watanipata wapi?"

"Si simu inaingia mfukoni?"

Mutugi aliigeukia simu yake mezani. Nelius alitikisa kichwa, akaenda zake. Makandi alikitua kikombe mezani kwa kishindo. Baba yake alipokwenda kuoga, alilichukua sanduku lake la vifaa, akaenda kwa Nelius.

"Baba amenituma nianze kuifungua," alimwambia Nelius. "Anakuja."

Alikuwa amemwona baba akifungua mashine mara nyingi, na kazi hiyo haikuonekana ngumu. Alitoa kifuniko, akatoa visu, akatoa nati na vyuma vingine ambavyo hakuvijua majina. Hakuona kilichoharibika. Alipoanza kuvirudisha, vyuma vitatu vilibaki mkononi bila mahali pa kuingia. Ng'ombe walikuwa wakilia kwa njaa.

"Mbona baba yako haji?" Nelius aliuliza kwa mara ya tatu.

Makandi aliinamisha kichwa. "Hakunituma, Mama Mwendwa. Nimekudanganya."

"Ee Mungu wangu!" Nelius alishika kiuno. "Nilikuwa na mashine iliyokwama, sasa nina mashine iliyotawanyika! Nenda ukamwite. Na umweleze ukweli wote, usipunguze hata nati moja."

Makandi alirudi nyumbani, akaeleza yote. Mutugi aliruka kutoka kitini.

"Umetumia jina langu kudanganya watu? Je, ungekatika vidole?"

"Nimekosa, Baba. Lakini tumechoka!" Machozi yalimtoka. "Mama anabeba magunia ya kabeji, na wewe unapanga sufuria! Mama Mwendwa alikuomba msaada ukakataa, na kazi unaijua!"

Alifumba macho, akingoja kofi. Mutugi aliitazama simu pale dirishani. Kisha alichukua simu, akaitia mfukoni, akatangulia mlangoni.

Alipofika kwenye mashine alisimama ghafla. Waya ulikuwa bado umechomekwa kwenye umeme. Aliuchomoa, akaketi juu ya ndoo.

"Kama mtu angebonyeza swichi hii..." alisema. Makandi aliitazama swichi, akarudi nyuma hatua moja.

"Nipe spana ya kumi na saba," Mutugi alisema hatimaye. "Hiyo ni kumi na tisa. Kumi na saba!"

Ndani kabisa alikuta kamba ya gunia imejisokota kwenye mhimili. Aliikata kipande kwa kipande, akapaka grisi, akarudisha kila chuma mahali pake huku akimtajia Makandi jina lake. Mashine iliponguruma, Nelius alipiga makofi, akakimbilia kuwalisha ng'ombe wake.

Asubuhi iliyofuata, Nelius aliwasimulia wote waliokuja kupeleka maziwa kwenye kituo cha kuyakusanya jinsi Mutugi alivyoitengeneza mashine. Kufikia katikati ya wiki, Mutugi alikuwa ametengeneza pampu ya maji na mota ya kinu cha unga. Alirudi nyumbani akilalamika kwamba watu hawajui kutunza mashine, lakini alilalamika akila kwa hamu.

Jioni moja alimwita Makandi, mama yake akiwapo.

"Jumamosi mbili utaosha zizi la Mama Mwendwa," alisema. "Ulitaka kusaidia, lakini ulianza kwa uongo, na uongo huo ungeweza kukuua."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nami nilikosea. Kazi ilikuwa ya kiwanda, lakini ujuzi ni wangu. Walipofunga lango, nilikaa hapa miezi mitatu kana kwamba ujuzi huo nao waliufungia mle ndani. Soma kwa bidii, mwanangu, lakini usidhani kuna kazi isiyoweza kukatika. Ikikatika, jiulize unajua kufanya nini na ni nani anayekihitaji. Halafu nenda, usingoje kuitwa."

"Na usiwachoshe watu wa nyumbani kwako," Karwirwa aliongeza.

Mutugi alicheka kwa aibu kidogo. Makandi naye alicheka, na Jumamosi ilipofika akaenda kumwomba Nelius ufagio wa zizi.