Mashine Si Mbovu

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Raiya alikaa jikoni kwao Mambrui akimtazama bibi yake, Bi Mwanabibi, akikanda unga wa mkate. Tangu bibi ateleze uani na kuteguka mkono, kazi hiyo ilikuwa mateso. Alikanda kidogo, akatua, akaupapasa mkono uliovimba, akaendelea. Mkate wa dukani hakuutaka hata kuuona.

"Ule ni pamba," alisema. "Siku nikiacha kukanda, nizikeni."

Ndipo ami yake Raiya, Habib, anayefanya kazi hotelini Watamu, akaleta mashine ya kuoka mkate. Unatia unga na maji, unabonyeza, nayo inakanda na kuoka yenyewe. Shangazi Zeina, mwenye amri ya jikoni, akabetua midomo.

"Mkate haukandwi kwa stima!"

"Utakandwa, shangazi," akasema Raiya. "Na bibi atapumzika."

"Haya, Jumamosi tuone. Ukishindwa, nampa fundi Ngumbao aifungue achukue vipuri."

"Sitashindwa."

Mashine ilikuja na kijitabu cha maelezo. Raiya hakukifungua. Kitabu cha nini, naye amekulia jikoni?

Jumamosi bibi alikwenda kumjulia hali jirani, na shangazi akaenda sokoni. Raiya akafanya alilolijua. Alisaga mchele uliorowekwa, akatia tui zito, sukari, iliki na hamira, vile vile kama mkate wa sinia, ambao humiminwa wala haukandwi. Uji huo akaumimina mashineni mpaka pomoni, akafunika, akabonyeza.

Haukupita muda mrefu, uji ukaumuka, ukainua kifuniko, ukachuruzika ndani ya mashine na kuungua. Moshi ukajaa jiko zima. Shangazi Zeina akaingia na kikapu chake, akikohoa.

"Nini tena hiki?"

"Mashine mbovu!" Neno likamtoka Raiya kabla hajafikiri.

"Si nilisema mimi?" Shangazi akachukua simu, akamwita fundi.

Bibi aliporudi akaambiwa mashine ni mbovu. Alivuta beseni la unga, akaanza kukanda mkate wa jioni kwa mkono ule ule, huku ameuma mdomo. Raiya alimtazama, akaona haya, kisha akajikasirikia. Nje tuktuk ya Ngumbao ilikuwa imeshasimama. Fundi akaingia, akaibeba mashine, akageukia mlango. Raiya alikuwa amesimama pale, mikono ameitanua.

"Haitoki, fundi."

"Nipishe, mwanangu. Nimeambiwa ni mbovu."

"Si mbovu. Nilisema uongo. Nilitia uji wa mkate wa sinia, na kitabu sikukisoma."

Shangazi akamaka. "Unanipinga mbele ya mgeni, Raiya?"

"Nisamehe, shangazi. Niadhibu utakavyo, lakini mashine haitoki."

Ngumbao akacheka, akaiweka chini. Aliifuta, akaisafisha, akaichomeka. Chuma cha kukandia kikazunguka ndani yake. "Nzima hii," akasema. "Mtoto kasema kweli."

Basi Raiya akakisoma kijitabu kwa sauti, neno kwa neno. Alipima unga wa ngano kwa kikombe cha mashine, akapima maji. Mashine ilipoanza kukanda, bibi akafunua na kuubonyeza unga kwa kidole.

"Ongeza maji kidogo. Uwe laini kama ndewe ya sikio."

"Kitabu hakisemi hivyo, bibi."

"Kitabu hakina sikio."

Baada ya alasiri mkate ukatoka, umeinama upande mmoja lakini umeiva vizuri. Shangazi Zeina akala kipande kimoja, kisha akanyoosha mkono kuchukua cha pili.

"Ubishi si dhambi, Raiya," bibi akasema. "Mimi mwenyewe mbishi, ndiyo maana mkono huu haujapona. Lakini ukificha kosa lako, mwingine ndiye atakayelilipia. Ungenyamaza leo, ningekanda kwa maumivu mpaka mwisho wangu. Bora aibu ya saa moja."

"Na adhabu yake?" akauliza shangazi.

"Ipo. Kuanzia kesho, kila alfajiri, unga ataupima yeye."

"Nitaupima," akasema Raiya, "na kitabu nitakisoma."

Bibi akalisogeza kando beseni la unga, akanawa, akauweka mkono wake mapajani. Jioni ile hakukanda tena.