Elieth na Programu Mpya ya Kinanda

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, Elieth alikwenda kanisani mjini Kasulu kuipigia kwaya ya watoto kinanda. Kinanda chenyewe kiliunganishwa na kompyuta, na sauti zote, za filimbi, zeze na ngoma, zilitoka kwenye programu iliyokuwa humo.

Jumamosi hiyo aliingia amefura. Kwaya ya Kibondo ilikuwa na programu mpya, na kesho yake waimbaji wake wangekuja kuimba pamoja nao.

"Mwalimu, na sisi tununue! Hii yetu ya kizamani itatuaibisha!"

"Hatununui," akajibu Mwalimu Reverien, kiongozi wa kwaya. "Hii ina sauti mia mbili. Wewe umeshapiga ngapi?"

Alikuwa anajua nne tu. Badala ya kuona haya, akazidi kununa. Mazoezi yalipokwisha na Mwalimu akatoka kuwapanga waimbaji uani, Elieth akapakua toleo la majaribio la ile programu mpya. Kompyuta ikasema nafasi haitoshi. Bila kumwuliza mtu, akaifuta ya zamani.

Kesho yake, wimbo umekolea, kinanda kikanyamaza ghafla. Kikarudi, kikanyamaza tena. Toleo la majaribio lilikuwa linajikata kila dakika mpaka lilipiwe, jambo ambalo Elieth hakujisumbua kulisoma. Watoto wakapotezana sauti mbele ya wageni. Mwalimu akawashikilia kwa makofi hadi mwisho.

Nyuma ya kanisa Mwalimu akamkabili kwa hasira Isack, mwimbaji aliyetunza vifaa vya kwaya. "Isack! Ufunguo wa kabati la kompyuta unao wewe. Umefanya nini?"

"Mimi sijagusa, mwalimu! Haki ya Mungu!" Machozi yalimlengalenga Isack.

Elieth alijichukia vibaya sana. Angeweza kukaa kimya, na Isack angefukuzwa kwaya.

"Ni mimi, mwalimu. Niliifuta ya zamani."

Kwanza Mwalimu akamgeukia Isack. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea." Kisha akatoa flashi mfukoni. "Nakala ya programu hii hapa. Utairudisha mwenyewe, leo hii. Halafu kila siku utanipigia sauti kumi, mpaka uzimalize zote."

"Ndiyo, mwalimu."

"Bado nimekukasirikia, usidhani yameisha. Kutaka kipya si kosa, Elieth. Kosa ni kukitupa ulicho nacho hata hujakijua, tena kwa siri, mpaka mwenzako nusura aadhibiwe kwa ajili yako. Umesema kweli, ndiyo maana kinanda nakuachia. Haya, washa kompyuta."