Godoro la Maua Mekundu

Katika avenyu yetu ya mtaa wa Bigo, Jumamosi huanza kwa ufagio. Jua halijapanda bado, kila mlango una mtoto anayefagia, na vumbi la mji wetu wa Bunia, mashariki ya Kongo, linahama kutoka uwanja wa huyu kwenda uwanja wa yule. Mjukuu wangu Elodie, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amekwisha fagia, ameosha sahani na ameleta bidoni mbili za maji. Mimi nilikaa mlangoni na redio yangu ndogo, nikichambua maharagwe.

Redio ilisema juu ya barabara inayotengenezwa na bei ya mafuta. Jirani yetu Papa Isidore, yaani Baba Isidore, shemasi wa kanisa letu, alipita akasimama kusikiliza, kama kawaida yake. Anaipenda redio kuliko mimi, lakini haiamini. Alisema redio hutangaza vita vikiisha pita, na barabara hutangaza vita ambavyo havijafika. Mtu mwenye akili asikilize Neno la Mungu tu. Kisha akaingia katika wimbo wake mwingine, ule wa watoto wa leo: hawaamkii wakubwa, wanachezea simu katikati ya mahubiri, na dawa yao ni fimbo. Nilimjibu kwamba fimbo tuliila sote, na yeye bado ni mkaidi. Alicheka, akaenda zake.

Asubuhi ile nilikuwa na kazi ya kumtuma Elodie. Waimbaji kutoka Gety walikuwa wanakuja kulala kanisani, na kila nyumba iliombwa kuazimisha godoro. Letu ni jembamba, la sponji, lenye kitambaa cha maua mekundu. Nililikunja, nikalifunika kwa kikwembe changu cha njano, kitambaa cha kujifunga kiunoni, nikalifunga kamba.

"Usilifungue njiani," nilimwambia. "Na usikimbie nalo."

Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza kwa nini, lakini kwa msomaji wa mbali nitaeleza. Miaka ile ya vita, mtu akikimbia alibeba vitu viwili: mtoto mgongoni na godoro kichwani. Godoro lililo wazi, likipita mbio barabarani, lilikuwa habari tosha. Hakuna aliyeuliza, kila mtu alikimbia. Kwa hiyo hata leo, ingawa bunduki zimenyamaza mjini, mtu akihama nyumba hufunika godoro lake na kutembea polepole, akisalimia kila mlango. Ndiyo adabu yetu.

Elodie aliitikia, akatoka. Yaliyotokea njiani niliyajua baadaye. Karibu na bomba la maji aliwakuta wasichana wa darasa lake wanacheza nzango, mchezo ule wa kuruka na kupiga makofi. Walimchokoza, wakamwambia anaogopa kushindwa. Akatua mzigo. Waliosubiri zamu walitaka kitu cha kukalia, naye akafungua kikwembe, wakakitandika chini. Saa nzima ikapita. Mawingu yakaja, na tone la kwanza lilipomwangukia akakumbuka nywele zake zilizosukwa jana. Alijifunga kikwembe kichwani, akaweka godoro juu likiwa wazi, akakimbia kurudi nyumbani.

Nyuma yake akasikia makelele. Akageuka, akaona mama wa samaki, muuzaji wa pale kona, anakusanya sinia lake, wanaume wanageuza pikipiki, milango inafungwa. Hakufikiri kwamba wanakimbia kwa sababu yake. Alifikiri kitu kibaya kinakuja, akatupa godoro kwenye migomba ya kando ya njia, akafika kwangu mikono mitupu, kikwembe kilicholowa amekificha chini ya gauni, anahema.

"Tate, watu wanakimbia."

Sisi bibi tunaitwa Tate. Nilimwuliza godoro liko wapi.

"Nililifikisha," akasema, macho chini.

Sikuwa na nafasi ya kuuliza zaidi. Papa Isidore aliingia bila kubisha hodi, maana mlango wangu ndio uliokuwa karibu. Nyuma yake akaingia Léon, mwendesha pikipiki, pamoja na pikipiki yake. Halafu Vahwere, mama kijana wa nyumba ya tatu, aliyekuwa njiani kumpeleka mtoto wake Destin kwenye kituo cha afya. Destin hakuwa ametimiza mwaka, na tangu asubuhi mwili wake ulikuwa moto. Papa Isidore alisukuma benchi nyuma ya mlango, akafunga dirisha la ubao. Tukabaki gizani, saa nne ya asubuhi.

Mvua ilipiga mabati, kisha ikaacha, na kimya kilikuwa kibaya kuliko mvua. Chumba changu ni kidogo. Pikipiki ilinuka mafuta, maharagwe yangu yalikuwa yamemwagika, na hakuna aliyethubutu kuyaokota kwa kuogopa kutoa sauti. Léon alipiga simu kwa ndugu yake sokoni. Ndugu yake alisema huko nako wamefunga, wamesikia kwamba watu wenye silaha wameingia Bigo. Sisi wa Bigo tulikuwa tunafikiri wameingia sokoni. Redio, nayo, iliendelea na bei ya mafuta.

Saa sita ikafika. Nilikuwa napitisha kitambaa chenye maji kifuani mwa Destin, na maji yalikauka kabla sijakinyanyua. Vahwere alisimama mara mbili aende mlangoni. Mara ya pili Papa Isidore aliketi juu ya benchi, mgongo wake mlangoni.

"Ukifungua, unatuua wote," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Na nikikaa, mutoto anakufa," akasema Vahwere. Lakini alikaa.

Papa Isidore aliomba. Alimwomba Mungu atuzungushie ukuta, kisha akamwomba atupe neno moja tu la kutujulisha kinachotokea nje. Tukasema amina. Baadaye Léon akaeleza alichokiona yeye: msichana mmoja, godoro la maua mekundu, kitambaa cha njano kichwani, anakimbia kutoka upande wa bomba. Basi. Ndipo watu wote wakakimbia. Mimi nilikuwa nimemwinamia Destin, maneno yale yakanipita.

Papa Isidore, yeye, hayakumpita. Alisema ikiwa ni mchezo wa mtoto, basi mtoto huyo atachapwa mbele ya kanisa zima, mpaka wazazi wake waone haya ya kupita barabarani.

Elodie alikuwa amejibana nyuma ya pipa la maji, na kwa maneno ya Léon ndipo alipoelewa kwamba watu walikimbia kwa sababu yake. Alinieleza baadaye kwamba wakati ule aliona milango miwili imefungwa, ule wa benchi na ule wa mdomo wake, na wa mdomo ndio uliokuwa mzito.

Kisha Destin akakakamaa. Macho yake yaligeuka juu, mikono ikatetemeka kama mabawa ya kuku aliyeloa. Vahwere alimkumbatia kwa nguvu.

"Tate," akasema Elodie. "Ni miye."

Nilimwambia aniletee maji.

"Ni miye wa godoro. Nilikimbia mvua. Sikulifikisha, nililitupa kwenye migomba. Haiko vita, Tate. Ni mvua tu."

Alitoa kile kikwembe cha njano nyuma ya pipa, bado kimelowa, akakinyoosha ili wote wakione. Papa Isidore akasimama, mkono wake tayari umeenda kwenye mkanda.

"Papa Isidore," nikamwambia, "weye mwenyewe uliomba neno moja. Mungu amelileta, na sasa unataka kulichapa?"

Mkono ulibaki pale kiunoni. Halafu akainama, akavuta benchi.

Léon alitaka kuwasha pikipiki. Nikamkataza, maana tulisikia vijana wanaokaa kwenye kona wakiziba avenyu kwa mawe, na pikipiki ikinguruma katika kimya kile wangeitupia mawe hayo. Hata mbio za miguu zingewatisha. Kutetemeka kwa Destin kulikuwa kumeacha. Alikuwa amelegea mgongoni mwa mama yake, anapumua kwa shida. Nilimshika Elodie begani.

"Tangulia. Tembea, usikimbie. Salimia kila mlango, na useme ulichotuambia."

Msomaji wangu, sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na ni hatua mia tatu tu. Miguu ya Vahwere ilitaka kuruka. Elodie alienda mbele, mikono mitupu, akisema kwenye kila mlango uliofungwa, "Jambo mama, jambo papa. Ni miye niliyewakimbiza. Nilikimbia mvua na godoro. Hakuna kitu." Mwanzoni sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Kwenye mlango wa tano mtu alimtukana. Kwenye wa saba dirisha likafunguka. Vijana wa kona walishika mawe, wakamtazama, wakatazama mtoto mgongoni, wakaanza kuondoa mawe njiani. Nilipogeuka, avenyu nzima ilikuwa imesimama nje nyuma yetu.

Muuguzi Émilienne alikuwa amejifungia ndani ya kituo. Alifungua alipomsikia Elodie. Alimpima Destin damu, akamchoma sindano ya malaria, na alasiri mtoto alinyonya.

Siku ya pili kanisani Papa Isidore hakuleta fimbo. Aliniuliza mlangoni adhabu gani nimetoa. Nilimwambia Elodie ataosha mwenyewe godoro tuliloliokota migombani, na Jumamosi tatu atamsaidia mama wa samaki, ambaye alipoteza sinia zima la samaki matopeni. Alitikisa kichwa, akasema ni kidogo. Kisha akasema labda inatosha.

Jioni nilimkalisha Elodie karibu na jiko.

"Kosa la kwanza lilikuwa la miguu," nilimwambia. "Miguu ya mutoto inasahau, nami nimekusamehe. Kosa la pili lilikuwa la mdomo. Ungesema kweli pale mlangoni, tungecheka, tukaenda kulitafuta godoro. Neno moja, 'nililifikisha,' ndilo lililotufungia humu na mgonjwa. Tena siye wakubwa tuna kosa letu. Tulikuonyesha fimbo kabla ya kukuuliza, na mutoto anayeona fimbo hafungui mdomo. Mungu hatuzungushii ukuta kila siku, Elodie. Siku nyingine anatafuta mtu wa kufungua mlango."

Jumamosi iliyofuata tulipeleka godoro kanisani tena, kwa wageni wengine. Elodie alilifunika vizuri, akalifunga kamba mbili, akatembea polepole kiasi kwamba mama wa samaki alimwita kutoka kwenye kona.

"Ongeza mwendo kidogo, mutoto wangu. Hao wageni watakuwa wamekwisha kurudi kwao."

Elodie alimsalimia kwa heshima, na hakuongeza mwendo.