Kona Aliyoihamisha Leland

Leland Brisco alisimama katikati ya barabara ya Cahuenga, Hollywood, picha mkononi, magari yakimpigia honi pande zote.

"We baba, umechoka kuishi?" Mwanamke mwenye sare nyeupe ya uuguzi alimvuta shati mpaka kando.

"Subiri! Ni dirisha lile, naona!"

"Dirisha ndilo la kufia?"

Leland akamwonyesha picha. Ilitoka kwenye filamu ya vichekesho ya zamani, enzi zisizo na sauti. Mchekeshaji anakimbizwa na polisi, anateleza kwenye kona. Leland alikuwa fundi umeme, na siku za mapumziko alitafuta mitaa ya kweli ambako vichekesho hivyo vilipigwa.

"Na ukishaipata?"

"Nasimama pale."

"Halafu?"

"Basi."

Muuguzi, Arpine Melkonian, alicheka mpaka akashika ukuta. Jumapili iliyofuata walikwenda wote kuitafuta.

Wakakubaliana kuwa kona ni ile ya nyuma ya duka la dawa, hapohapo Cahuenga. Arpine, kwenye gauni jekundu lililombana kiunoni, akateleza makusudi kama mchekeshaji. Leland akamdaka, na hakumwachia upesi.

"Kuta zitakuonea wivu, Leland jan," alisema Arpine. Jan ni mpenzi, kwa Kiarmenia cha kwao.

Mwaka ukapita. Siku moja Arpine akasema, "Hospitali moja Seattle imeniita. Ndege Jumamosi jioni. Niende, nisiende?"

"Ni kazi nzuri."

"Sikukuuliza habari ya kazi."

Leland alijikuna shingo. Mwanamume mzima, ulimi mzito kama nondo. Kesho yake alinunua pete, akapiga simu.

"Jumamosi saa sita mchana, njoo pale anapoteleza."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Vaa jekundu."

"Ukinichezea nitakuchuna ngozi!" Lakini alikuwa anacheka. Alipokata simu alitoa nguo kwenye sanduku la safari, akazirudisha kabatini.

Sasa sikia upumbavu. Wiki hiyohiyo Leland alikuwa ameitazama filamu tena, akaona nyuma ya polisi reli ya tramu iliyopinda. Cahuenga haikupinda hivyo. Kona ya kweli ilikuwa katikati ya jiji, chini ya kilima. Wawindaji wa mitaa ndivyo walivyo: mahali pakishathibitika si penyewe, wanapafuta kichwani kama meza iliyopanguswa. Leland alipafuta Cahuenga. Hakukumbuka kumwambia Arpine.

Jumamosi akasimama chini ya kilima, suti ya kijivu, kola ikimkaba, pete ikilowa jasho kiganjani. Vivuli vilikaa sawasawa na vya kwenye filamu. Vikahama. Arpine hakutokea.

Alirudi nyumbani amenuna. Mashine ya kurekodi simu ilikuwa inawaka taa.

"Uko wapi, jan? Watu wa duka la dawa wananishangaa."

Kisha: "Leland, jua kali. Kama ni utani, umetosha."

Kisha kelele za uwanja wa ndege, na sauti ndogo: "Haya. Nimekwenda."

Ilimchukua siku nzima kupata namba ya Seattle.

"Mpenzi, tumepishana tu! Nilikuwa nakungoja. Kona ya kweli iko mjini, reli..."

"Bado unanifundisha kona?"

"Nina pete, Arpine. Napanda ndege leo."

"Usije." Alikuwa analia, wala hakuficha. "Nilijua umekwama mahali unanisubiri. Nakujua. Hilo si kosa."

"Sasa kosa ni nini?"

"Nahama mji, wewe unaniwekea miadi kwenye ukuta wa sinema. Mlango wangu unaujua, Leland. Ungegonga tu."

Upande wa pili simu ikawekwa chini, polepole, kama anayefunga mlango asiamshe mgonjwa.