Kijiko cha Kunasia Ndoto

Haya ni kweli tupu. Nikiongopa, meno yangu mawili yaliyobaki na yang'oke leo.

Mjukuu wangu tulimwita Chiriku kwa kusema sana. Lakini tangu mama yake aende kufanya kazi kiwandani, mji wa mbali, alikuwa akirudi kutoka shuleni anafua soksi zake, kisha anakaa dirishani, kimya. Nyumba ilibaki na watu wawili na viti sita.

Siku moja akaniuliza, "Babu, sauti ya mtu husahaulika?"

Ulimi ukanitangulia. "Mbona mimi naongea na marehemu bibi yako kila usiku! Kodolea mshumaa bila kupepesa, pumua polepole mpaka mwili ufe ganzi. Kisha lala na kijiko mkononi, sahani ya bati sakafuni. Usingizi ukikolea, kijiko kinaanguka, ngwa! Unaamka na ndoto yako mkononi."

Tangu hapo nikawa nasikia ngwa, ngwa, usiku kucha. Nikadhani ni panya, nikatega mtego.

Chiriku akakonda. Macho yakaingia ndani, kichwa kikamuuma kila siku, na asubuhi moja akaanguka mstarini shuleni. Nilimkuta zahanati, kijiko kimo mfukoni mwa sare.

"Labda minyoo," nikamwambia muuguzi.

"Minyoo gani inayotembea na kijiko, mzee?"

Chiriku akafumbua macho. "Babu, mama hajanijia hata mara moja. Nakosea wapi? Bibi huwa anakuambia nini?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Mjukuu wangu, sijawahi kumwota bibi yako. Natamani tu."

Akanishika kidole.

"Kutulia na kupumua polepole si vibaya," muuguzi akamwambia. "Na ndoto ziache zije zenyewe. Lakini usingizi ukikatwakatwa, mwili haupati nafasi ya kujijenga, hasa wa mtoto. Ukimkumbuka mtu, sema, usijiumize. Na wewe mzee, upweke wa mtoto hautibiwi kwa uongo. Lete simu."

Simu hiyo ndiyo redio yangu ya mpira; Chiriku sikumwachia hata siku moja. Tukampigia mama yake, nikamweleza.

"Baba! Umeanza tena?"

Chiriku akaketi wima. "Ndiyo hiyo! Ndiyo sauti yenyewe!"

Sasa analala fofofo, na kila jioni simu ni yake. Mechi zote zinanipita.

Hivi niandikavyo, yupo begani kwangu anasoma.

"Babu, viti ni vinne, si sita. Leo soksi unafua wewe."

Ngoja nitafute sabuni.